Pete namba 28: mama alipotibiwa valvu ya moyo kwa mara ya pili

Mtu ambaye valvu ya moyo wake ilikwisha kurekebishwa, na baada ya miaka ikaanza kuvuja tena, hatibiwi kama mgonjwa mpya. Familia yetu ililielewa jambo hilo kwa kulipitia, nami naliandika kwa sababu nimekutana na ndugu wengi wa wagonjwa wanaodhani kwamba matibabu ya katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, ni huduma ya kuchagua: mgonjwa akiitaka anaipata, asipoitaka anapasuliwa. Sivyo. Yanayowezekana mara ya pili huamuliwa kwa sehemu kubwa na yaliyofanywa mara ya kwanza, hadi umbo na namba ya kifaa ambacho mgonjwa alishonewa miaka mingi iliyopita. Mama yangu alifunguliwa kifua nchini India mwaka 2011, akarudi huko mwaka 2023 kuwekewa valvu mpya kupitia mshipa wa paja, na kati ya safari hizo mbili kulikuwa na maamuzi mengi ambayo laiti tungeelezwa mapema tungeyapokea kwa hofu ndogo zaidi.

Ugonjwa wake ulianzia utotoni huko Muheza, ingawa wakati ule hakuna aliyejua. Alikuwa mtoto wa mafindofindo ya mara kwa mara, na tiba yake ilikuwa kusukutua kwa maji ya chumvi. Mafindofindo yanayosababishwa na bakteria wa streptokoka, yasipotibiwa kwa penisilini, yanaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inayowasaka bakteria hao hugeuka na kushambulia viungo na valvu za moyo. Inayoumia zaidi ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini cha upande wa kushoto. Valvu hiyo ina vipande viwili vyembamba vinavyofunguka ili damu ishuke na kufunga ili isirudi ilikotoka. Baridi yabisi huvifanya vinene, vifupike na kugandana kwenye kingo. Madhara hayo huweza kukaa kimya kwa miongo kadhaa kabla mtu hajaanza kukosa pumzi.

Mwaka 2011 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa bado haijaanzishwa, kwani ilianza mwaka 2015, na wagonjwa wengi wa valvu walikuwa wakipelekwa India kwa rufaa. Daktari wa upasuaji hakuitoa valvu ya mama bali aliirekebisha: alivitenganisha vipande vilivyogandana, akavipunguza unene, kisha akashona pete kuzunguka shina lake, yaani ukingo ambao vipande hivyo vimeshikizwa. Pete hizo ni wazo la daktari Mfaransa, Alain Carpentier, na zinafanya kazi ya fremu ya mlango, kwa maana mlango hata ukiwa mzima, fremu ikishatanuka haufungi sawasawa. Uamuzi ule wa kurekebisha badala ya kubadilisha ninautetea hadi leo. Valvu ya chuma ingemlazimu mama ameze warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na wakati ule kumfikisha kutoka shambani hadi kwenye maabara inayopima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Kwa pete ile alipata zaidi ya miaka kumi ya kulima, kuuza machungwa na kulea wajukuu. Ila pete hukaza shina tu. Haiwezi kuvizuia vipande vilivyokwisha kuumizwa na baridi yabisi visiendelee kukakamaa.

Dalili iliyotushtua haikuwa kukosa pumzi. Mkojo wake ulianza kuwa na rangi ya kahawia iliyokoza, hasa asubuhi, na weupe wa macho ukaingia umanjano. Alitibiwa malaria, akatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa vidonge vya madini ya chuma kwa sababu damu yake ilishuka hadi gramu 7, na kila dawa ilipokwisha mkojo ulibaki vilevile. Miguu ilipoanza kuvimba ndipo tulipompeleka Dar es Salaam kwa kipimo cha eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na daktari bingwa wa moyo alimgeuzia mama kioo ili naye aone. Damu inayopita vizuri huonekana kwenye eko kwa rangi moja iliyotulia, nyekundu au bluu kulingana na uelekeo wake, lakini kwenye valvu ya mama, kila moyo ulipobana, mchirizi wenye rangi zilizovurugika ulichomoka kurudi juu, ukagonga ukingo wa pete na kutawanyika. Daktari alieleza kwamba kugonga huko ndiko kulikokuwa kukizivunja chembe nyekundu za damu, na mabaki yake ndiyo yaliyokuwa yakiupaka mkojo rangi. Kuanzia siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila mwenye pete au valvu ya bandia ninayefahamiana naye kwamba akiona mkojo mweusi pamoja na upungufu wa damu aseme kwanza habari ya moyo wake, hata kama aliyekwenda kumwona ni daktari wa figo.

Faili lake lilijadiliwa na madaktari wa hapa nchini pamoja na wa hospitali moja ya Chennai, na kwa muda tulikuwa na njia nne mezani. Ya kwanza ilikuwa kumfungua kifua tena. Wengi hufikiri upasuaji wa pili ni sawa na wa kwanza, ila makovu ya mara ya kwanza huweza kuugandisha moyo nyuma ya mfupa wa kidari, na msumeno unaokata mfupa huo unaweza kuujeruhi moyo kabla kazi yenyewe haijaanza. Kwa mgonjwa mwenye nguvu hatari hiyo hudhibitiwa, na kwa vijana upasuaji wa pili mara nyingi ndio unaofaa zaidi. Mama alikuwa na umri wa miaka 66, figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka, na shinikizo la damu kwenye mapafu yake lilikuwa limepanda sana. Daktari wa upasuaji mwenyewe ndiye aliyesema kwamba angependelea njia nyingine, na kusikia hivyo kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kupasua kulitupa imani kuliko maelezo mengine yote.

Njia ya pili ilikuwa klipu, yaani kibanio kidogo, na hii ndiyo tuliyokuwa tumeitegemea, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa sana kwenye video. Mwanzo wake ni mshono wa daktari wa Kiitaliano, Ottavio Alfieri, ambaye mwaka 1991 alishona pamoja sehemu za katikati za vipande viwili vya mitrali, valvu ikabaki na matundu mawili madogo badala ya moja kubwa linalovuja. Klipu hufanya kitu hichohicho kwa katheta, bila kufungua kifua. Lakini inahitaji vipande laini na virefu vya kutosha kushikika, na inahitaji valvu iliyo pana, kwa sababu kuibana katikati ni kuipunguza njia. Vipande vya mama vilikuwa vifupi na vigumu, nayo pete ilikuwa imekwisha kuibana njia yake. Klipu ingepunguza kuvuja na kuleta msongamano, yaani kuubadilisha ugonjwa badala ya kuutibu. Njia ya tatu, kuziba kwa kifaa kidogo cha waya uliosukwa, inawafaa wale ambao pete au valvu ya bandia imeachia mshono na damu inapita pembeni yake. Ya mama ilikuwa ikivuja ndani ya pete, si pembeni, kwa hiyo tuliiacha mara moja.

Ikabaki ya nne: kupitisha valvu iliyokunjwa ndani ya katheta, kuifikisha katikati ya pete ya zamani, na kuitanua ili ikaze humo humo. Kazi ya aina hii ni tawi la ile iliyoanzishwa na Alain Cribier mjini Rouen, Ufaransa, tarehe 16 Aprili 2002, alipomwekea mgonjwa valvu ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, kwa katheta kwa mara ya kwanza duniani. Kwa mitrali iliyokwisha kushonewa pete, pete inageuka kuwa nanga, na hapo ndipo yalipoanza maswali ambayo hatukuyatarajia. Pete ya kampuni gani? Toleo lipi? Namba ngapi? Imefunga pande zote au imeachwa wazi upande mmoja? Ngumu kabisa au inanyumbuka?

Muhtasari aliopewa mama wakati wa kuruhusiwa mwaka 2011 uliandika kwamba valvu imerekebishwa na pete imewekwa, basi. Hauna hata namba. Kilichotuokoa ni kadi ndogo, isiyozidi ukubwa wa kitambulisho, yenye stika iliyobanduliwa kwenye boksi la pete siku ile ya upasuaji. Muuguzi alimwambia mama aitunze, naye aliitunza anavyojua yeye, ndani ya bahasha moja na hati ya shamba, na mjomba aliikuta huko wakati sisi tukihangaika kuwaandikia barua pepe watunza kumbukumbu. Ilisema yote: jina la mtengenezaji, toleo, namba ya utambulisho, na ukubwa, 28. Kwa stika ile madaktari walijua kwamba pete imefunga pande zote na inanyumbuka kiasi, na kwamba kipenyo chake cha ndani kinaafikiana na valvu ya milimita 26. Ingekuwa ile iliyo wazi upande mmoja, valvu mpya ingekosa mahali pa kushika kwa uhakika. Ingekuwa ngumu kabisa, isingekubali kuacha umbo lake la nusu duara na kuwa duara pale puto linapotanuka, na damu ingepata upenyo kwenye pembe.

Pamoja na kadi hiyo, uamuzi wa mwisho ulitoka kwenye kipimo cha CT cha moyo, yaani picha za eksirei zinazounganishwa kwa kompyuta. Mama alitundikiwa maji ya mshipa kabla na baada yake ili kuzikinga figo dhidi ya dawa ya kung'arisha picha. Nilidhani kinachopimwa ni pete; kumbe kinachoangaliwa kwa makini zaidi ni jirani yake. Kipande cha mbele cha mitrali kinapakana na njia ambayo damu hupita kutoka kwenye chumba cha chini kwenda aota. Valvu mpya inapotanuka hukisukuma kipande hicho na kukishikilia wazi daima, kama ukuta, na nafasi ikiwa finyu njia ya kutokea damu inazibwa, jambo linaloweza kumuua mgonjwa pale pale mezani. Kwa kompyuta huchorwa valvu ya kubuni ndani ya picha ya moyo wa mgonjwa mwenyewe na kupimwa eneo litakalobaki. Chini ya milimita za mraba 170 hadi 200 hivi, madaktari huanza kusita. Ya mama ilikuwa zaidi ya 300. Katika wodi ile alikuwapo mgonjwa mwingine aliyesafiri kutoka mbali kuliko sisi ambaye kipimo chake kilikataa, akarudishwa kwenye mazungumzo ya upasuaji, na niliona jinsi familia yake ilivyodhani kwamba imenyimwa. Hakuna aliyekuwa amewaeleza tangu nyumbani kwamba safari yao ilikuwa ya kupimwa kwanza, na matibabu yangefuata kama vipimo vingeruhusu.

Tuliuliza habari ya hatari, na tulijibiwa kwa namba, jambo ninalolishukuru. Katika takwimu za kimataifa zilizochapishwa mwaka 2019, zilizohusisha wagonjwa 521 waliowekewa valvu ya mitrali kwa katheta, waliowekewa ndani ya valvu ya zamani ya bandia walifariki kwa kiwango cha asilimia 6.2 ndani ya siku 30, na waliowekewa ndani ya pete kwa asilimia 9.9. Wengi wao walikuwa wazee na wagonjwa dhaifu ambao upasuaji ungewawia hatari zaidi, lakini karibu mmoja kati ya kumi si idadi ya kupuuza. Kaka yangu alitaka mama asiambiwe. Nilipinga, na mama alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo daktari bila shaka hakulitegemea: "Hiyo valvu, mwanangu, imetokana na mnyama gani?" Zipo valvu za nguruwe, na kwake lingekuwa jambo zito. Daktari alimjibu kupitia kwangu kwamba hii imeshonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe juu ya fremu ya metali. Mama akasema Alhamdulillahi, akaomba kalamu atie sahihi.

Siku yenyewe alipewa nusu kaputi, kwa kuwa kifaa cha eko hupitishwa kooni na kukaa nyuma ya moyo muda wote wa kazi, kikiwaonyesha madaktari kile ambacho eksirei haiwezi kukionyesha. Kwenye eksirei pete ya chuma huonekana waziwazi, lakini nyama ya moyo haionekani. Katheta iliingia kwenye mshipa wa vena wa kinena cha kulia, ikapanda hadi chumba cha juu cha kulia, na hapo sindano ndefu ikatoboa ukuta mwembamba unaotenganisha vyumba viwili vya juu. Tundu lilipanuliwa kwa puto ili valvu iweze kupita kuelekea upande wa kushoto na kushuka kwenye pete. Daktari alitueleza baadaye sehemu iliyonisisimua zaidi: kabla ya kutanua valvu, waya wa kuongoza mapigo uliufanya moyo upige karibu mara 180 kwa dakika, kasi ambayo unakuwa kama unatetemeka tu bila kusukuma damu, ili valvu isirushwe kutoka mahali pake katika zile sekunde chache puto linapojazwa. Puto likajazwa, likanyonywa, moyo ukaachiwa urudi kwenye mwendo wake.

Sisi tulikuwa kwenye nyumba ya wageni barabara ya Greams, mtaa ambao kila lango la pili lina wagonjwa wa kigeni na ndugu zao, tukipika uji kwenye jiko la pamoja na familia za Kibangladeshi. Simu ilipokuja tulikimbia. Nilimkuta mama katika chumba cha uangalizi maalumu akiwa macho, amekatazwa kukunja mguu wa kulia, na pale kinenani palikuwa na bandeji isiyozidi kiganja. Udogo wa bandeji ile ulimdanganya kila aliyekuja kumwona, na kwa kweli ulituletea shida baadaye, kwa sababu watu wakiona hakuna kovu wanadhani hakuna kilichofanyika, na mgonjwa mwenyewe huanza kuinua ndoo kabla mshipa haujapona.

Mkojo ulianza kung'aa taratibu, si siku ileile. Kuna mchirizi mdogo wa damu uliobaki pembeni ya valvu mpya, pale penye pembe ya pete ambayo haikukubali kuwa duara kabisa, na kama ungekuwa mkubwa ungeendelea kuzivunja chembe za damu kama mwanzo. Kwa bahati ni mwembamba, na damu ya mama imepanda hadi gramu 11 bila kuongezewa. Lile tundu la ukutani halikuzibwa. Madaktari walipima na kuona damu inayopita humo ni kidogo na inatoka kushoto kwenda kulia, hivyo wakaona ni salama zaidi kuliacha na kulifuatilia kwa eko kuliko kuongeza kifaa kingine moyoni.

Warfarini tuliyoikwepa mwaka 2011 iliturudia. Valvu iliyowekwa ndani ya pete huweza kushika damu iliyoganda, hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo dawa ya kuzuia kuganda hutolewa angalau kwa miezi mitatu hadi sita, na kwa kuwa mama ana mapigo yasiyo na mpangilio, yeye ataendelea nayo. INR inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Majirani walimpiga marufuku mboga zote za majani, na alikonda kwa kula ugali na maharage, mpaka mfamasia alipomweleza kwamba tatizo si mchicha wala kisamvu bali ni kula bakuli zima leo na kukaa wiki nzima bila kuonja. Sasa anakula kiasi kilekile karibu kila siku, na INR imetulia kuliko alipokuwa akijinyima mboga. Dawa za maumivu za kununua dukani, zile za jamii ya diklofenaki, ndizo tulizoziondoa kabisa nyumbani, na akitaka kung'olewa jino lazima anywe amoksilini kwanza, saa moja hivi kabla, ili bakteria wa kinywani wasiende kujenga kwenye valvu. Daktari wa meno wa kwanza tuliyemwendea hakuuliza lolote kuhusu moyo. Mama ndiye aliyemwambia.

Eko ya mwisho ilionyesha valvu inafunguka vizuri, ingawa njia yake ni finyu kidogo kuliko ya mtu mwenye afya, jambo lisiloepukika ukiweka duara ndani ya duara. Utando wa ng'ombe nao huchakaa kwa miaka, na nilimuuliza daktari itakuwaje siku hiyo ikifika, kama inawezekana kuweka nyingine ndani ya hii. Alisema huwezekana kwa baadhi ya wagonjwa, kila safari nafasi ikizidi kupungua, na kwamba kipimo cha CT cha wakati huo ndicho kitakachosema, si yeye. Mama aliyasikiliza yote hayo, kisha akauliza kama anaweza kupanda boti kwenda Pemba kwenye harusi ya binti wa dada yake. Daktari akamruhusu, apime INR wiki moja kabla na abebe vidonge vya ziada endapo boti itachelewa kurudi.